Daftari la Chai kwenye Barabara ya Barafu

Saa mbili na nusu asubuhi, jua ndiyo kwanza linachungulia juu ya miti, na Sargylaana Starostina anazunguka gari lake akiyapiga mateke magurudumu, moja baada ya jingine. Yamelala usiku kucha mahali pamoja kwenye baridi ya nyuzi arobaini na nne chini ya sifuri, na upande wa chini umeganda ukawa bapa. Kwa kilomita mbili za kwanza gari litarukaruka kama farasi mwenye kinyongo.

Injini haijazimwa tangu juzi. Kuanzia Novemba mpaka Machi hakuna dereva wa huku anayezima injini njiani, labda awe amechoka kuwa na gari.

Gari lenyewe ni la kijivu, la Kirusi, refu kidogo na lenye paa la mviringo. Madereva wote huliita Mkate. Leo Mkate umebeba vifurushi kumi na tisa, ndoo mbili za rangi, na abiria wawili ambao bado wako ndani ya mgahawa wa Fedosia wakimalizia supu ya nyama ya farasi. Wa kwanza ni Akulina, bibi wa miaka sabini na moja anayerudi kijijini kwake Kuoyma baada ya kupasuliwa jicho mjini. Wa pili ni Darima, mwalimu wa muziki wa miaka ishirini na minne, mgeni kutoka Buryatia, aliyepangiwa shule ya kijiji hichohicho. Zimebaki kilomita mia moja na tisini.

Sargylaana anaingia kuwaita. Darima, binti mwenye heshima zake, anainuka na kuuliza kama ambavyo msafiri yeyote duniani angeuliza.

"Dada, tutafika saa ngapi?"

Vijiko vinasimama. Fedosia mwenye mgahawa anaangalia dari. Kwenye meza iliyo karibu na jiko, dereva mmoja mzee wa lori anageuka na kutema mate ya uongo mara tatu juu ya bega la kushoto. Akulina anamchapa binti kofi la paja.

"We mtoto! Barabara ina masikio!"

Katika njia hii dereva haulizwi anakokwenda wala atafika lini. Ukimuuliza, umeishtua barabara, nayo itajua pa kumtegea. Unaweza kumuuliza kama anaondoka, naye atajibu "niko njiani," na hapo habari imekwisha. Madereva wamelelewa hivyo, na baba zao walilelewa hivyo.

Sargylaana anacheka tu. Anachukua daftari la shule lenye picha ya farasi lililoning'inizwa kwenye msumari kando ya jiko, analamba ncha ya penseli.

"Hujakosea sana, mdogo wangu. Ila huku tunauliza hivi: chai iwekwe motoni saa ngapi?"

Anaandika: *Mkate wa kijivu. Watu watatu. Chai saa kumi na moja jioni.*

Daftari hilo ndilo vita ya mwanamke huyu wa miaka arobaini na saba, vita ya majira matatu ya baridi sasa. Madereva wanaotumia barabara hii wakati wa barafu ni ishirini na watatu. Wanaoandika ni tisa. Kumi na wanne hawataki kulisikia, na Sargylaana anasema hatalala vizuri mpaka wote waandike. Sababu yake iko nyumbani, jikoni.

Sababu hiyo inaitwa Prokopy, mumewe, mwenye miaka hamsini na miwili. Huu Mkate ulikuwa wake. Majira manne ya baridi yaliyopita, Prokopy alikuwa anarudi peke yake kutoka mjini, na gia ikakatika mlimani, kilomita sabini kutoka Kuoyma. Huko simu haishiki. Zile simu za setilaiti bei yake inaliza, na hata aliyenazo hujikuta ameshika kipande cha plastiki, kwa sababu betri imekufa kwa baridi.

Prokopy alichoma gurudumu la akiba. Likaisha, akachoma viti vya abiria, kimoja kimoja. Glavu zake zilikuwa zimelowa alipojaribu kutengeneza gia, na glavu iliyolowa kwenye baridi ile ni heri usingekuwa nayo. Alikaa pale saa thelathini na moja.

Nyumbani, Sargylaana alikuwa anakanda unga.

"Sikuhangaika hata kidogo," anasema. "Ningehangaikaje? Sikujua anarudi leo, kesho au keshokutwa. Sikumuuliza. Mke mwenye adabu haulizi. Basi nilikuwa na adabu mpaka vidole vikaisha."

Vidole vinane. Hospitali ilimwachia Prokopy vidole gumba viwili, na Prokopy husema kwa utani kwamba vinamtosha kusifia supu. Sargylaana hacheki utani huo, ingawa ameshausikia mara nyingi kuliko anavyoweza kuhesabu.

Majira yaliyofuata alishika usukani yeye. Nauli ni rubo elfu nane za Kirusi kwa abiria, na dizeli hula karibu nusu. Wanaume walisema hatamaliza mwezi. Alimaliza mwezi, akamaliza na gia moja, akainunua nyingine. Lakini kila alipotoka nyumbani alikuwa na lile jambo moyoni: nikikwama, nani atajua nimekwama?

Kumwambia mtu saa ya kufika hakuweza. Si kwamba anaiogopa barabara, anasema, halafu anakiri kwamba ndiyo, anaiogopa. Ndipo siku moja, akifunga mlango, akamwambia mumewe bila kufikiri: "Weka birika saa kumi na mbili." Wakatazamana. Hakuna aliyekuwa ametaja safari. Ilikuwa habari ya chai tu.

"Nilijiambia, barabara haiwezi kukasirika kwa sababu mtu amepanga kunywa chai," anasema.

Kutoka hapo mambo yakajipanga. Kila asubuhi Fedosia, ambaye ana simu ya mezani, hupiga Kuoyma na kumsomea Prokopy saa za chai zilizoandikwa daftarini. Prokopy huteleka birika kwa saa iliyotajwa. Likichemka na mtu hajatokea, baada ya saa moja huteleka la pili. Saa moja nyingine, la tatu. Birika la tatu likiwekwa, jirani yake Semyon huwasha trekta.

Tangu daftari lianze, trekta limetoka mara mbili, na mara zote mbili watu wamerudi na vidole vyao.

Anayelipinga zaidi ni yule mzee aliyetema mate karibu na jiko. Anaitwa Gavril, ana miaka sitini na minne, na amekula chumvi nyingi kwenye barabara hii, arobaini na moja akihesabu majira ya baridi. Lori lake linabeba unga na sukari. Tena, na hapa ndipo ugumu ulipo, ni yeye aliyemkuta Prokopy kule mlimani.

"Kaka Gavril," Sargylaana anamwita, daftari mkononi. "Chai?"

"Nimekunywa."

"Ya jioni."

"Jioni nitakunywa jioni."

"Nikuandikie saa kumi tu. Hata kama hutaki maziwa."

Gavril anavaa kofia yake polepole. "Dada yangu, mumeo nilimkuta mimi. Sikuwa nimeandikiwa popote. Barabara ilinipeleka. Wewe na daftari lako mnataka kuifundisha kazi."

"Ilikupeleka baada ya saa thelathini na moja."

"Lakini ilinipeleka."

Fedosia anaingilia kutoka jikoni: "Mwache huyo, usipoziba ufa utajenga ukuta. Atajenga ukuta."

"Nitakuja kukuazima wewe ubebe matofali," anajibu Gavril, na anatoka. Lori lake linaunguruma na kuondoka saa tatu kasoro. Katika daftari, mstari wake uko mtupu.

Mkate unafuata baada ya nusu saa.

Ukingoni mwa mto Sargylaana anasimama. Ramani zina jina la mto huu, lakini watu wa hapa hawalitaji wakiwa karibu nao. Humwita Bibi. Sargylaana anashuka, anamega chapati ya maji na kuiweka juu ya theluji.

"Bibi, ni sisi. Tumebeba mwalimu na jicho jipya. Tunapita polepole."

Kisha anarudi na kuamuru mikanda ifunguliwe. Darima anashangaa, kwao mkanda hufungwa. Akulina anamweleza kwa upole wa mtu aliyekwisha kumsamehe kosa la asubuhi: juu ya barafu mkanda si rafiki, na mlango hauachwi ukafungwa kabisa. Gari linakwenda kilomita kumi na tano kwa saa. Ukikimbia, maji yaliyo chini hupiga wimbi, na wimbi hupasua barafu mbele yako.

"Kwa hiyo tukizama tunaruka?" anauliza Darima.

"Wewe utaruka. Mimi nitakaa nikamsalimie Bibi, tuna umri mmoja," anasema Akulina.

Hawazami. Wanavuka, wanaingia msituni, njia inapanda na kushuka. Kwa saa tatu mazungumzo ni kuhusu jicho la Akulina na bei ya piano. Kilomita arobaini kabla ya Kuoyma njia inagawanyika. Ya kulia inapita msituni, ndefu na salama. Ya kushoto inakata mto tena kwenye kona yake, inaokoa saa nzima, lakini tangu wiki iliyopita madereva wengi wameiacha. Chemchemi imesukuma maji yakapanda juu ya barafu, na theluji ikayafunika. Kwa macho unaona nyeupe tupu. Ukikanyaga, unaingia majini mpaka gotini.

Upepo umeshafuta alama za magurudumu. Sargylaana anashika kulia bila hata kufikiri.

"Dada," anasema Darima, aliyekaa mbele. "Kule kuna moshi mweusi."

Moshi wa kuni huku ni mweupe. Mweusi ni wa tairi. Sargylaana anasimamisha gari; yeye na Akulina wanajua maana yake: kuna mtu amekwama. Hakuna dereva anayepita moshi wa tairi. Anageuza na kushuka kushoto, kisha anauacha Mkate kwenye ukingo imara na kwenda kwa miguu, akipima kila hatua kwa fimbo ya chuma.

Ni Gavril. Lori lake limekaa katikati ya kona ya mto, magurudumu ya nyuma yamezama kwenye maji yaliyokwisha kuganda na kuyakumbatia. Injini inaunguruma. Mwenyewe amesimama kando ya tairi linalowaka, na suruali yake, kuanzia gotini kwenda chini, ina barafu inayogongana kila akisogea.

"Umesimama hapa tangu lini?" Sargylaana anamuuliza.

"Kama saa moja hivi. Au mbili." Hamtazami. "Nilijaribu kupiga nyundo."

"Miguu unaisikia?"

Gavril anaitazama miguu yake kana kwamba ni ya mtu mwingine. Sargylaana anasema hapo ndipo alipoogopa.

Ndani ya Mkate anamvua viatu kwa kisu. Akulina anafungua koti lake la manyoya, kisha la ndani, kisha sweta, na bila kuomba ruhusa ya mtu anaichukua miguu ya Gavril na kuibana tumboni mwake. Anatoa sauti kwa ule ubaridi.

"Nimelipa hela nifumbuliwe jicho," anasema, "na cha kwanza ninachoonyeshwa ni miguu ya Gavril!"

"Funika basi," anasema Gavril kwa unyonge.

"Hata nikiifunika, nitaisahau vipi?"

Darima anaanza kucheka, halafu anagundua kwamba analia. Hakuna anayemtania. Sargylaana anampa shoka.

Wanapasua barafu kwa zamu mpaka saa kumi na moja na nusu. Wanawake wawili na shoka moja, nyundo moja. Gurudumu moja linafunguka, la pili linaganda upya. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo, lakini vinga vyenyewe lazima vitoshe, na hapa vilikuwa viwili tu. Jua linazama. Saa ya chai imepita.

Vidole vya miguu ya Gavril vimerudi rangi ya watu, vyote isipokuwa kimoja kidogo ambacho bado wanakijadili. Sargylaana anamwambia apande waende wote kijijini. Anakataa. Injini ya lori ikizimika, anasema, mpaka Aprili hapatakuwa na lori tena, patakuwa na sanamu. Ndani ya kibanda chake kuna joto, na dizeli itamfikisha alfajiri.

"Na baada ya alfajiri?"

"Baada ya alfajiri ni mambo ya baadaye."

Sargylaana hana nguvu ya kubishana. Nyuma ya kiti chake huwa kuna jozi ya viatu vya sufu vya Prokopy. Huvibeba kila safari, ingawa hajawahi kusema ni kwa ajili ya nani. Anamvisha Gavril. Anamwachia chapati zilizobaki na chupa ya chai. Anapanda, anashika gia.

Gavril anagonga dirisha. Anangoja mpaka kioo kishuke.

"Niandikie," anasema.

"Nini?"

"Unajua nini. Alfajiri, saa kumi na moja. Iwe na maziwa."

Daftari liko mgahawani kwa Fedosia, kwa hiyo Sargylaana anaandika kwa penseli juu ya kifurushi cha mtu, karibu na anwani: *Gavril. Chai saa kumi na moja alfajiri.*

Kuoyma wanaingia saa mbili kasoro dakika ishirini za usiku. Taa zote za barabara ya chini zinawaka. Trekta la Semyon liko nje ya lango la nyumba ya akina Prokopy, linatoa moshi, na Semyon mwenyewe yuko juu tayari amefunga kofia. Birika la tatu lilikuwa limewekwa saa moja kamili.

Prokopy amesimama langoni. Amevaa koti lake zito la safari, ambalo halijatoka kwenye msumari kwa majira manne ya baridi. Liko wazi kifuani. Vifungo vyote sita vinaning'inia, kwa sababu vidole gumba viwili havifungi kifungo, na hakutaka kumwita Semyon ashuke amfungie kama mtoto.

Sargylaana anashuka. Anamweleza kwa maneno machache: kona ya mto, kulikopanda maji, Gavril, dizeli ya kufika alfajiri. Prokopy anaitikia kwa kichwa. Kwake yeye hakuna cha kufikiria.

"Naenda na Semyon. Ile kona naijua usiku na mchana."

Mtu angetegemea mke amzuie. Sargylaana anavua glavu na kuanza kumfunga vifungo, kuanzia chini. Anachukua muda. Semyon anaangalia kwingine.

"Yule mzee alinikuta bila kuandikiwa," anasema Prokopy.

"Sasa ameandikiwa," anasema mkewe.

Kifungo cha mwisho kiko shingoni. Anakifunga, na mkono wake unabaki palepale kwenye kola. Kwa miaka ishirini na minne ya ndoa, katika safari zote alizowahi kumfungia chakula mtu huyu, hakuwahi kumuuliza, na asubuhi ya leo bado asingeuliza. Anauliza sasa.

"Nikuwekee chai saa ngapi?"

Prokopy, aliyeweka mabirika ya wenzake kwa majira matatu, hajawahi kutaja la kwake. Anatazama barabara upande wa giza kana kwamba inasikiliza. Kisha anasema kwa sauti, ili hata Semyon juu ya trekta asikie.

"Saa tatu asubuhi."

Wanaondoka.

Usiku ule Sargylaana hakulala. Saa kumi na moja alfajiri aliteleka birika la Gavril, likachemka, likapoa. Alipanga mipango, na asubuhi alimweleza mwandishi wa habari hii akiwa jikoni, macho kwenye saa ya ukutani: majira yajayo anataka daftari la pili kwenye mgahawa wa ng'ambo ya mlima, na la tatu gatini mjini, na kila moja liwe na penseli iliyofungwa kwa kamba, kwa sababu madereva huiba penseli. Ana hakika ya kumi na watatu waliobaki. Gavril akiandika, anasema, wataandika kwa aibu. Akisharudi. Alilirudia hilo mara mbili.

Saa mbili na dakika hamsini aliweka birika motoni. Lilikuwa bado halijaanza hata kuimba mbwa walipobweka kule mwisho wa kijiji, na likasikika trekta, na nyuma yake, zito na la polepole, lori.

Sargylaana alipunguza moto. Aliongeza vikombe viwili mezani, akasimama mlangoni akingoja kumfungua mumewe vifungo.